Nusu kidonge mara tatu, na shingo ya mwanangu ikapinda

Sijapoa bado, kwa hiyo mnivumilie. Majuzi mwanangu wa miaka minne aliamka anatapika. Nikakimbilia duka la dawa hapa kwetu Igoma. Muuzaji hakumpima uzito wala kuuliza chochote. Akanipa metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, vidonge vya miligramu 10 vya watu wazima, kwenye kibahasha cha kaki alichoandika kwa peni: ½ x 3.

Kesho yake jioni shingo ya mtoto ikaanza kuvutwa upande wa kushoto. Macho yakapanda juu yakaganda huko, ulimi ukawa unatoka wenyewe. Mama mkwe akasema hiyo degedege. Lakini nilipomwita alinibana kidole, chozi likamshuka. Degedege ninayoijua mimi humzimisha mtoto. Huyu alikuwa ananisikia!

Nikambeba hadi kwa yule yule muuzaji. Akamtupia jicho mara moja, akarudi kuhesabu chenji zake. "Dada, dawa haifanyi hivyo. Mpelekeni akaombewe."

Hapo ndipo nilipochomwa. Mtoto ulimi nje, wewe unahesabu chenji!

Nikapanda bodaboda mpaka kituo cha afya. Tabibu wa zamu aliuliza hata sijakaa: "Amepewa dawa ya kuzuia kutapika?" Nikampa kibahasha. Akamchoma sindano, na haikufika nusu saa shingo ikalegea, mtoto akaomba maji. Akanieleza kuwa dawa ile huzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kwenye ubongo. Kichefuchefu kinatulia, ila misuli ya uso na shingo inaweza kukaza, na watoto ndio hupatwa zaidi. Mwanangu ana kilo 15. Kikomo ni nusu miligramu kwa kilo kwa siku, yaani 7.5. Sisi tulimpa 15. Ulaya tangu 2013 walishakataza asipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Nilitaka kuandika kwamba dawa hii ni sumu. Siyo, mimi mwenyewe ilinifaa nilipofanyiwa upasuaji. Kosa ni la muuzaji. Lakini nikiukumbuka ule ulimi, hapana, sitaki hata kuisikia kwa mwanangu. Kutapika kwenyewe kuliisha kwa ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji, kijiko kimoja kimoja, usiku kucha.

Kibahasha nimekitunza. Wiki hii nakipeleka ofisi ya TMDA, mamlaka inayosimamia dawa nchini Tanzania, hapa Mwanza, na mwandiko wake ukiwa juu yake.