Nyota mbili, zote za mshauri

Naanza na mapokezi, maana hapo ndipo damu ilinichemka. Kituo cha tiba ya kiwewe kwa wanajeshi wastaafu, hapa Marekani, bendera ya upinde wa mvua mlangoni. Mzee niliyemsindikiza akatoa DD 214, cheti chake cha kuachishwa jeshi. Dada wa kaunta akashuka nacho mpaka kisanduku cha 28, sababu ya kuachishwa, akakisoma kwa sauti foleni nzima ikisikia. Kisha akauliza: "Hii maana yake nini?" Maana yake aliondolewa chini ya ile sheria ya "Usiulize, Usiseme", iliyowafukuza jeshini waliojulikana kuwa na mapenzi ya jinsia moja. Ilikufa mwaka 2011, dada, wewe umeifufua hapo kaunta!

Wala hapakuwa na haja. Cheti hicho kina nakala fupi, isiyotaja sababu, na ndefu yenye kila kitu. Ndefu inahitajika, sikatai, ila kinachotafutwa pale ni kisanduku cha 24, aina ya kuachishwa. Ukienda, itie kwenye bahasha, uifunge, uombe chumba cha faragha kabla hujaitoa.

Balaa la pili: dodoso la PCL-5, la kupima dalili za kiwewe, maswali 20, kila moja alama 0 hadi 4, anajaziwa mtu kwenye benchi chini ya televisheni inayopiga kelele. Kabla ya maswali unatakiwa kutaja tukio moja baya kuliko yote. Wengi huandika la vitani, wakidhani ndilo linalohesabika, na kule kuhojiwa na wakubwa wao wenyewe usiku kucha, kisa wanampenda nani, kunaachwa nje. Matokeo yake mshauri anang'oa jino zima, bovu linabaki.

Mshauri wa hapa, namshukuru, alilishtukia. Hakuuliza "vita gani?", aliuliza "nani alikuumiza?" Akabadilisha tukio, dodoso likajazwa upya, ndipo wakaanza tiba ya kuchambua mawazo: vikao 12, karatasi za kufanyia kazi nyumbani, kulikamata wazo lililokwama kama "niliwaaibisha wenzangu" na kulidai ushahidi. Kazi safi kabisa. Kwa hilo ningetoa nyota nne, pengine tano.

Halafu hakuna aliyemwambia mzee kwamba cheti chenyewe kinaweza kurekebishwa. Fomu DD 293 kama hajamaliza miaka 15 tangu aachishwe. Akishapitisha, DD 149. Kama aliondolewa kwa sheria ile peke yake, bila kosa jingine la kuzidisha uzito, sababu hubadilishwa kuwa "Mamlaka ya Waziri", maneno yasiyomsema mtu. Lingekuwa tangazo la mistari mitatu tu ukutani, karibu na hiyo bendera yao.

Nendeni, lakini mpigieni simu mshauri moja kwa moja, mapokezi mpite kama hamuyaoni. Nyota mbili. Nikikumbuka lile "maana yake nini", moja na nusu.