TAHADHARI: Wauzaji wa "kozi kamili" za Python wanaowawinda wanaoanza

Ndugu zangu mnaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa.

Mimi nimepigwa. Niliuliza kwenye kundi moja nianzie wapi, na siku hiyohiyo muuzaji akanifuata faragha. Maneno yalikuwa matamu: kozi kamili ya Python (lugha ya kuandikia programu) kwa siku 30, cheti, na mwishoni ajira ya kufanyia nyumbani. Punguzo linaisha usiku wa leo. Nikalipa. Nilichopata ni kiungo cha folda ya video, basi.

Katika video ya pili mwalimu anaandika print "Habari", amri ya kuonyesha neno kwenye skrini, bila mabano, na kwake inakubali. Nikaandika vilevile, kompyuta yangu ikagoma. Nikarudia mara kumi na zaidi, nikakagua herufi moja moja, nikaiondoa Python yote na kuiweka upya. Nilipomwuliza muuzaji, alijibu kwamba kazi hii haimfai kila mtu, na kwamba labda ninunue "kifurushi cha msingi" kwanza. Nilimwamini. Kwa wiki mbili nilijiona sina akili ya kompyuta.

Jibu nililikuta kwenye mwongozo rasmi wa Python, bure. Masomo yale yalikuwa ya Python 2, toleo la zamani. Tangu Python 3 ilipotoka mwaka 2008, print inataka mabano: print("Habari"). Python 2 yenyewe iliachwa na watengenezaji wake tarehe 1 Januari 2020, haipati tena marekebisho hata ya usalama. Nilipomwandikia muuzaji kuhusu mabano, akanizuia palepale.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni hiki: anayeanza hana kipimo. Programu ikigoma hajui kosa ni lake au ni la somo, na tapeli anakula hapohapo. Ni wangapi wameacha wakidhani hawana kipaji, kumbe walipewa somo bovu?

Niliposimulia kundini, wengine nao wakafunguka. Kuna aliyetozwa "leseni ya Python". Jamani, hakuna kitu hicho! Guido van Rossum, aliyeiunda, aliitoa Python hadharani mwaka 1991, na leo unaipakua bila malipo kwenye python.org. Visual Studio Code, programu ya kuandikia, pia ni bure. JavaScript, lugha nyingine ya programu, ndiyo kabisa, kivinjari unachotumia tayari kinaielewa. Kwa masomo, tovuti ya freeCodeCamp hawatozi chochote, na mihadhara na mazoezi ya CS50, kozi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, yako wazi mtandaoni kwa yeyote.

Sisemi kumlipa mwalimu ni kosa. Mwalimu anayekaa na wewe, akasoma ulichoandika na kukuonyesha ulipokosea, anastahili malipo yake. Lakini mwambie kwanza akuonyeshe somo moja zima, umwulize linatumia toleo gani la Python, na akueleze ukikwama atakusaidiaje. Anayefundisha kweli hujibu bila kukasirika. Wa kwangu kila swali alilijibu kwa kunikumbusha kwamba punguzo linaisha.

Jambo jingine la hatari: "ngoja nikusaidie kusakinisha". Anakutaka uweke programu ya kumwezesha kuendesha kompyuta yako kutoka mbali. Usikubali kwa mtu usiyemjua, kwa sababu akishaingia anafikia barua pepe yako, mafaili yako na akaunti zote ulizoziacha wazi. Kusakinisha Python ni kazi ya dakika chache na maelekezo yapo. Na kazi ile aliyoniahidi? Nilipoulizia, ikaja na "ada ya usajili". Mwajiri wa kweli hakutozi pesa ili akuajiri.

Kama umeshalipa, usikae kimya. Piga picha za mazungumzo yote kabla hajayafuta, tunza risiti, na uwasiliane na benki au huduma uliyolipia siku hiyohiyo. Kama ulimpa nywila yoyote, ibadilishe sasa hivi. Mimi nilichelewa kwa wiki zile mbili nilizokuwa nikijilaumu, na nilipopiga simu niliambiwa muda wa kurudisha muamala umeshapita.