Saa mbili za kutazama mageti: nilivyozungushwa kwenye majumba ya mastaa Hollywood

Staa hatukumwona hata mmoja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa nikisema nilipanda gari la kuzungushwa kwenye majumba ya mastaa kule Los Angeles. Tuliona mageti. Niliyahesabu mpaka 31, nikaacha. Tuliona na kuta, kamera za ulinzi, na ua wa miti ya jamii ya mkuyu iliyopandwa ikabanana na kukatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kinyozi, mirefu kuliko gari letu. Nyumba zenyewe, zile za kuonekana mlango na dirisha, hazikufika kumi.

Na bado naipa nyota 3 kati ya 5. Nitaeleza.

Nilikwenda na mpwa wangu, binti wa dada, mwenye miaka 16. Ziara ilikuwa yake, mimi nilikuwa mlipaji. Tiketi nilikata mtandaoni usiku uliotangulia, dola 49 kwa kichwa, nikijiona mjanja. Kufika Hollywood Boulevard mbele ya TCL Chinese Theatre nikakuta pale ni stendi kamili, na wapiga debe wake. Kila mmoja ana kampuni yake, ana karatasi zake mkononi, na wote wanaapa kwamba gari linaondoka sasa hivi. Bwana aliyekaa nyuma yetu aliwavuta akawavuta mpaka akapanda kwa dola 30. Gari lilelile, saa zilezile. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huo: usikate mtandaoni, nenda kapatane.

"Sasa hivi" yenyewe ilichukua dakika 40, mpaka viti 13 vijae. Sikujutia, maana uani mwa sinema ile ndiko mastaa wamekuwa wakikanyaga saruji mbichi na kuacha alama za mikono na viatu tangu ilipofunguliwa mwaka 1927. Mpwa wangu alitafuta ya Marilyn Monroe, aliyoiweka mwaka 1953 akiwa na mwigizaji mwenzake Jane Russell. Akaweka mguu wake juu ya alama ya kiatu, ukazidi mbele na nyuma.

"Kumbe alikuwa kadogo hivi, Mjomba?"

Akabaki ameinama pale, anapitisha kidole kwenye kishimo cha kisigino. Hiyo ni bure, na hakuna ukuta. Nilikuja kuikumbuka mara nyingi baadaye tulipokuwa tumesimama nje ya mageti.

Gari ni kivan kilichokatwa paa. Ukipanda mchana jua ni lako lote, na likishika kasi upepo nao ni wako. Choo hakuna, na kwa saa 2 hamshuki isipokuwa mara moja, kwa hiyo malizeni shida zenu mapema. Kiongozi wetu alikuwa kijana mchangamfu, dereva na msimulizi kwa wakati mmoja, mkono mmoja kwenye usukani, macho nusu barabarani nusu kwetu. Kwenye kona za vilimani nilishika kiti kwa mikono miwili.

Mahali pa kushuka ni juu, Mulholland Drive, kwenye kituo cha kutazamia mji. Hapo unayaona yale maandishi meupe ya Hollywood mlimani, na hapo ndipo kijana alipoanza kunipata. Alisema yalisimikwa mwaka 1923 yakiwa HOLLYWOODLAND, na kazi yake ilikuwa kutangaza viwanja. Yaani kile kibao ambacho dunia nzima inakipiga picha kilianza kama tangazo la madalali! Herufi nne za mwisho ziliondolewa mwaka 1949. Zilizopo leo ni za mwaka 1978, baada ya zile za awali kuoza na kuanguka, na kila moja ina urefu wa karibu mita 14. Mpwa wangu aliniuliza kama viwanja viliisha. Nikamwambia atazame chini bondeni.

Tukashuka mpaka Sunset Boulevard, ile sehemu ya mabaa na hoteli, na hapo nikaanza kuhisi kitu ambacho sikukitarajia. Kila tulipopunguza mwendo, kulikuwa na maiti. Hoteli ya Chateau Marmont, hapa alifia mchekeshaji John Belushi mwaka 1982. Mbele kidogo klabu ya Viper Room, hapa nje alianguka mwigizaji River Phoenix mwaka 1993, akafa. Mama mmoja kiti cha mbele alikuwa anaitikia kila jina kwa "masikini" ya kwao. Nilidhani ni tabia ya kijana wetu kupenda misiba. Baadaye nikaelewa kwamba hana jinsi: walio hai wamejificha nyuma ya miti, na wakihama hawamwambii. Waliokufa hawahami.

Ushahidi nilioupata Beverly Hills ndio huu. Tulisimama mbele ya geti jeupe. Kijana akashusha sauti kama anatoa siri, akataja mwimbaji mmoja mkubwa sana, akasema huu ndio mjengo wake. Simu zikainuka zote. Wakati huohuo gari la kampuni nyingine likaja likasimama mbele yetu, na kiongozi wao alikuwa na kipaza sauti. Akataja mwigizaji. Geti lilelile. Abiria wao wakainua simu nao. Magari mawili, watu wapatao 25, tunapiga picha geti moja la watu wawili tofauti. Mpwa wangu alikuwa tayari ameshaperuzi kwenye simu.

"Mjomba, wote waongo. Iliuzwa zamani."

Kama kweli iliuzwa sijui, na ndiyo maana majina ya walio hai siyaandiki hapa. Isitoshe, ni nyumba za watu. Alipokuwa bado anacheka, geti la jirani likafunguka. Gari zima likanyamaza, bwana wa dola 30 akasimama juu ya kiti. Ikatoka pikapu kuukuu yenye mashine ya kukatia majani na ngazi. Mtunza bustani akatupungia mkono, geti likajifunga taratibu nyuma yake. Nina picha yake nzuri tu, ndiyo pekee ya mtu anayetoka kwenye mjengo.

Kuhusu vile vipaza sauti: wakazi wa vilima vile wamelalamika miaka mingi, na mwaka 2017 jimbo la California lilitunga sheria inayoiruhusu miji kuyawekea magari ya wazi mipaka ya njia na kuyazuia yasitumie vipaza sauti, abiria wasikilize kwa hedifoni. Nikiwa mtalii niliona ni ukorofi. Nilipofikiria magari kama lile yakipita mlangoni kwangu mfululizo kutwa nzima, kila moja na jina lake, nikaona hata hedifoni ni huruma.

Sehemu iliyonirudishia thamani ya pesa ni Holmby Hills, barabara ya Carolwood Drive. Hapa kijana aliacha kutania. Geti la nyumba namba 100 ndilo ambalo Michael Jackson alitolewa tarehe 25 Juni 2009 kukimbizwa hospitali. Nililijua tukio, lakini sikujua kwamba nyumba haikuwa yake. Alikuwa amepanga. Kodi iliyotajwa wakati ule ilikuwa dola 100,000 kwa mwezi, lakini mpangaji ni mpangaji. Mtu aliyeijaza dunia nyimbo alifia kwenye nyumba ya kukodi. Hakuna aliyeinua simu kwa muda kidogo, kisha wote wakainua.

Barabara hiyohiyo aliishi Walt Disney. Uani kwake alijenga reli ndogo ya treni ya mvuke, ya kupanda kwa kukaa juu ya behewa kama unapanda punda, na kwa kuwa mkewe hakutaka maua yake yaharibiwe, akachimba handaki reli ipite chini ya bustani. Nyumba ilishabomolewa, hakuna cha kuona. Lakini kijana alivyoisimulia niliiona. Tulikuwa tumesimama mbele ya ukuta mtupu, mimi namtazama mzee mwenye suti akiwa juu ya treni ya kuchezea, mkewe anamwangalia kutoka dirishani.

Hali ilikuwa hiyo pia Pickfair. Mary Pickford na Douglas Fairbanks, waliokuwa kama mfalme na malkia wa sinema isiyo na sauti, waliishi hapo kuanzia 1920 hivi, na jina la nyumba ni vipande vya majina yao vilivyounganishwa. Mwaka 1990 mmiliki mwingine, naye msanii, akaibomoa. Kwanza alisema ni mchwa. Miaka mingi baadaye akasema kwenye televisheni kwamba ni mzuka. Gari zima liliangua kicheko, na tukawa tunatazama nini? Geti.

Mjengo wa Aaron Spelling, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, una vyumba 123, kikiwemo cha kufungia zawadi tu. Mwaka 2019 uliuzwa kwa karibu dola milioni 120. Tuliona kipande cha paa.

Hapo karibu ndipo nilipopoteza kofia. Kijana aliongeza mwendo kuliwahi gari jingine, upepo ukaipokonya, ikapanda juu, ikazunguka, ikatua upande wa pili wa ua wa miti. Nikapiga kelele asimame. Akasema kusimama pale hairuhusiwi, akageuka nusu: "Sasa na wewe una mali Beverly Hills." Nilikasirika, lakini sikuweza kuacha kucheka. Ndiyo kitu chetu pekee kilichofanikiwa kuvuka ukuta siku ile.

Mpwa wangu aliuliza kuhusu nyumba ya ile tamthilia ya vichekesho ya Will Smith ya miaka ya 1990, ya kijana aliyehamia Bel-Air kwa mjomba wake. Kijana akamjibu kwa uaminifu kwamba haimo kwenye njia yetu, na isitoshe nyumba iliyopigwa picha ya nje haiko Bel-Air, iko Brentwood. Binti aliumia kidogo. Mimi nilimpa kijana alama kwa kusema ukweli ambao ungeweza kumgharimu bahashishi. Brentwood ndiko iliko pia nyumba aliyofia Marilyn Monroe mwaka 1962. Wamiliki wa sasa walitaka kuibomoa, baraza la jiji likaizuia mwaka 2024 kwa kuitangaza kuwa ya kihistoria. Nayo ina ukuta.

Rodeo Drive tulipita bila kusimama. Maduka. Tukarudi Hollywood.

Bahashishi ndiyo kero ya mwisho. Dakika kumi za kumalizia kijana alizitumia kutukumbusha, mara kwa utani, mara kwa kutaja kodi ya nyumba yake. Kule ni desturi, asilimia 15 hadi 20, na nilikuwa nimejiandaa. Lakini kapu lilipitishwa kiti kwa kiti kabla milango haijafunguliwa, na hilo sikulipenda. Nikatoa dola 15 kwa sisi wawili. Dola 15 hizo zilikuwa za Carolwood Drive. Za geti jeupe sikumlipa.

Kesho yake tulifanya ambalo tungepaswa kulifanya mwanzo: tukaenda wenyewe Greystone, Beverly Hills. Ni jumba la vyumba 55 ambalo tajiri wa mafuta Edward Doheny alimjengea mwanawe Ned, likakamilika mwaka 1928. Ned hakumaliza hata miezi 6 humo: Februari 1929 yeye na katibu wake walikutwa wamekufa kwa risasi ndani ya nyumba. Maiti tena, najua. Ila jumba lilinunuliwa na mji wa Beverly Hills mwaka 1965, na sasa viwanja vyake ni bustani ya umma. Kuingia ni bure. Ndani mara nyingi pamefungwa, lakini unazunguka unavyotaka, unagusa jiwe, unaweka uso kwenye kioo cha mlango unachungulia sakafu ya miraba myeusi na myeupe ambayo umeiona kwenye sinema zaidi ya moja bila kujua ni ya wapi. Geti hufunguliwa saa 4 asubuhi. Nendeni mapema kabla ya wapiga picha za harusi.

Tulikaa kama saa 2 na nusu, mpwa wangu viatu mkononi, kofia yake mpya kichwani (yangu hatukuipitia). Wakati tunatoka kwa miguu kuelekea barabarani, kivan kilichokatwa paa kikapunguza mwendo mbele ya geti. Nikasikia maikrofoni ikikohoa. Binti akavaa viatu haraka, akashusha miwani ya jua usoni, akanishika mkono kama mtu mwenye mlinzi wake, akawapungia kidogo bila kutabasamu.

Simu zikainuka zote.