Uzoefu wangu: nilivyosoma mafaili ya .hwp bila kuinstoo programu ya Kikorea

Mliopata skolashipu ya Korea Kusini, au mko mbioni kuipata, hili litawakuta tu. Utatumiwa faili, mwishoni limeandikwa .hwp, yaani limeandikwa kwa Hangul, programu ya Kikorea ya kuandikia nyaraka kama Word, unaligusa na simu inakwambia hakuna programu ya kulifungua. Mimi lilinikuta wiki ya pili tu baada ya kufika mji wa Daejeon, tena Ijumaa jioni, ofisi ya bweni imetuma imeili ya mistari miwili, maelezo yote yako kwenye viambatisho, kimoja .hwp na kingine .hwpx, mwisho wa kurudisha ni Jumatatu na ofisi yenyewe ishafungwa. Laptopu niliyokuwa naitumia ni ya maabara, huwezi kuweka programu yoyote bila nywila ya msimamizi. Nilikosa raha kabisa, maana nilijua humo ndani kuna habari ya chumba changu na sijui ni habari gani.

Nikafanya kosa ambalo naomba usilifanye. Nilitafuta mtandaoni sehemu ya kugeuza hwp kuwa PDF, nikachukua ya kwanza niliyoiona, nikapandisha faili. PDF iliyorudi ilikuwa imejaa viboksi vitupu mahali pa herufi za Kikorea, na jedwali limevurugika, safu ya tatu imeangukia chini ya ya kwanza. Hilo ningelivumilia, ila baadaye nikakumbuka kwamba fomu ya namna hii ukishaijaza inabeba namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, simu, kila kitu chako, na mimi nilikuwa tayari kuikabidhi kwa watu nisiowajua hata wako nchi gani. Bahati nzuri ilikuwa bado tupu.

Kilichonisaidia usiku ule ni lile la .hwpx. Mkorea mmoja wa maabara aliniambia hili ni jipya zaidi, ndani yake ni zipu ya kawaida tu. Basi ukilikopi, ukabadilisha mwisho wa jina kutoka .hwpx kuwa .zip, linafunguka kama folda. Ndani utakuta folda inaitwa Preview, humo kuna PrvText.txt, ni maandishi matupu ya mwanzo wa waraka. Maandishi kamili yako folda ya Contents, kwenye mafaili kama section0.xml, pale yamechanganyika na alama nyingi ila Kikorea chenyewe unakiona, na picha ziko BinData. Nilikopi yale maandishi nikayatia Papago, programu ya kutafsiri, na neno la kwanza kulielewa lilikuwa gyeolhaek, yaani kifua kikuu! Walikuwa wanataka majibu ya kipimo cha TB kabla ya kuingia bwenini. Fikiria ningengoja hadi Jumatatu.

Ila ujanja huo haufanyi kazi kwa .hwp ya zamani, ile haiko kwa mtindo wa zipu, ukibadilisha jina haitafunguka. Kwa hiyo nikaenda Hancom Docs, ambayo ni huduma ya mtandaoni ya Hancom, kampuni yenye hiyo programu ya Hangul, unafungua akaunti, unapandisha faili, unalisoma hapohapo kwenye brauza. Kusoma sikulipa kitu. Jedwali lilikaa sawa, fonti sawa, mihuri mahali pake. Kurasa nyingi ni za Kikorea, kama hujazoea utahangaika kidogo kupata kitufe, lakini tafsiri ya brauza inakuvusha.

Nilipopata laptopu yangu mwenyewe nikahamia Whale, brauza ya kampuni ya Kikorea iitwayo Naver, na kusema ukweli hii ndiyo naipenda kuliko zote. Ina kisomeo cha hwp ndani yake, unabofya faili linafunguka kwenye tabu kama PDF, ukitaka unaliprinti kuwa PDF ukamtumie mwenzako. Ndiyo, brauza nayo unaiinstoo, lakini ni brauza tu, hulipii wala hubebi programu nzima ya ofisi. Kasoro yake ni kwamba unasoma tu, hujazi.

Mwanzoni nilikuwa nakasirika, nikisema kwa nini hawatumi Word kama dunia nzima. Hasira ilipungua nilipojua historia. Hangul, programu yenyewe, ilitoka 1989, ikatengenezwa na Wakorea kwa ajili ya maandishi yao. Mwaka 1998, kwenye ule mtikisiko wa uchumi wa Asia, Hancom ilikuwa hoi, Microsoft ikakubali kuweka hadi dola milioni 20 kwa sharti kwamba Hangul iachwe kuendelezwa, wananchi wakakataa, wakafanya kampeni ya kuiokoa, dili likafa, likatoka toleo maalumu la Hangul 815 kwa won 10,000 tu. 815 ni Agosti 15, siku waliyotoka mikononi mwa Wajapani. Sasa watu waliopigania programu hivyo utawaambiaje waiache? Ndiyo maana ofisi za serikali na mashule bado imejaa huko, na kwangu mimi mwenye lugha yangu naliheshimu sana hilo.

Halafu kingine, mafaili ya hwp yameshatumika sana na wadukuzi kuwalenga watu wa Korea Kusini, kwa hiyo likija kutoka kwa usiyemjua usilifungue kwa njia yoyote, iwe zipu au Whale.

Kwa upande wa kujaza, usihangaike. Jumatatu asubuhi niliandika imeili fupi kwa ofisi, kwa Kiingereza na Kikorea cha Papago, nikaomba fomu ileile kwa docx, yaani faili la Word. Walinitumia ndani ya dakika kumi, nikaijaza, nikaambatanisha na karatasi ya miadi ya kipimo cha TB, na chumba nikapewa.