Kabla Hujalipia Ukurasa wa Biashara, Uliza Laini Ni ya Nani

Novemba mwaka jana, majuma machache kabla Wachaga hawajaanza kurudi nyumbani kwa Krismasi, nilifungiwa nje ya ukurasa wa biashara yangu mwenyewe. Ninaoka keki Majengo, hapa Moshi, na kwa miezi 14 nilikuwa nikimlipa kijana mmoja shilingi 120,000 kila mwezi ili aniendeshee ukurasa wa Instagram, yaani apige picha, aandike maelezo na kuwajibu wateja. Alikuwa kijana mwenye adabu, akiniamkia shikamoo hata kwa ujumbe wa simu, nami sikuona haja ya kumuuliza ukurasa ule aliufungua kwa namba gani. Tulipotofautiana kuhusu malipo ya msimu, ambayo aliyataka yawe maradufu, alibadilisha nenosiri, na hapo ndipo nilipogundua kwamba namba ya simu na barua pepe vyote vilikuwa vyake.

Kwa sababu hiyo sitapima hapa idadi ya wafuasi wala uzuri wa picha, kwa kuwa hayo kila muuzaji wa huduma hizi atakueleza kabla hujamuuliza. Nimezipanga huduma kwa kipimo kimoja tu: siku utakapokosana na uliyemlipa, nani atabaki na ufunguo?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa tangu mwaka 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho cha NIDA. Ukipoteza laini iliyosajiliwa kwa jina lako, unakwenda kwenye duka la kampuni ya simu, unaweka kidole, na namba yako inarudi pamoja na uwezo wa kupokea zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe unapotaka kuurudisha ukurasa wako. Laini iliyosajiliwa kwa kidole cha kijana wa kukodi huwezi kuirudisha, hata ukifika dukani na kumbukumbu za malipo ya miezi yote 14 kama nilivyofanya mimi.

Ya kwanza kwangu ni WhatsApp Business, na upendeleo huo siufichi. Programu yenyewe, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure, hivyo unachonunua ni laini tu. Wala hulazimiki kuwa na simu ya pili, kwa sababu inakaa pamoja na WhatsApp ya kawaida alimradi kila moja iwe na namba yake. Orodha yake ya bidhaa inabeba hadi vitu 500, ambavyo ni vingi kuliko keki nitakazobuni maishani. Sajili laini kwa kidole chako, weka ile namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, kisha iandike namba ya laini yako, si ile ya siri, kwenye kila boksi linalotoka. Ninakiri kwamba haikutafutii wateja wapya: ujumbe wa kutuma kwa wengi unaishia kwa watu 256 katika orodha moja, nao huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Lakini mteja aliyehifadhi namba yako ni wako, na hakuna kijana atakayeondoka naye.

Ya pili ni Facebook, ambayo vijana wanaidharau. Ukurasa wa Facebook hauna nenosiri lake wenyewe. Unasimamiwa kupitia akaunti za watu, kwa hiyo unaweza kumpa msaidizi ruhusa ya kuweka picha na kujibu ujumbe, na ukamwondoa siku hiyohiyo mkishindwana. Usimpe mamlaka kamili, kwa sababu mwenye mamlaka hayo anaweza kukuondoa wewe. Matangazo ya kulipia yanahitaji uangalifu mwingine: chagua mwenyewe eneo la kilomita chache kuzunguka Moshi, la sivyo fedha yako itawaonyesha watu wa Mtwara keki ambayo hata kufika Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 80, haifiki bila kubonyea.

Instagram naiweka ya tatu, ingawa ndiko wanakochagulia keki maharusi. Ifungue wewe, kwa laini yako na barua pepe yako, na ukimpa mtu nenosiri, ujue kwamba umempa nyumba nzima.

Ya nne ni kulipia tangazo kwenye ukurasa mkubwa wa mji. Msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia kwamba alilipa shilingi 80,000 kwa tangazo ambalo kumbe liliwekwa kwenye hadithi (zile 'story' za muda), likatoweka baada ya saa 24, na alipoomba lirudiwe akaambiwa kifurushi chake kimekwisha.

Wafuasi wa kununua, au ukurasa wa mtu ulioiva tayari: usinunue. Mteja akifungua maelezo ya akaunti anaona kwamba imewahi kubadilisha jina, na mwenye ukurasa wa awali huenda bado anaishika ile laini.

Kinachoniudhi ni kwamba wauzaji wa huduma hizi wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Wanatuuzia vifurushi vya fedha na vya dhahabu, wanapandisha bei ifikapo Desemba wakijua hatuna muda wa kutafuta mwingine, na hawaandiki popote mwenye ukurasa ni nani. Kabla hujalipa hata nusu, mwambie aufungue ukurasa mbele yako, na zile tarakimu za uthibitisho ziingie kwenye simu iliyo mkononi mwako. Akianza kueleza kwamba hivyo itachelewesha kazi, mshukuru, uondoke.

Ukurasa wangu wa zamani bado upo. Sasa unauza viatu vya mtumba, na chini ya picha za viatu hivyo watu bado wanauliza keki ya kilo mbili ni shilingi ngapi.