Taa ya nyuma ya LED kwenye pikipiki yangu hapa Goma: chukua nyekundu, acha nyeupe

Ukiendesha pikipiki Goma baada ya saa kumi na mbili jioni, hatari kubwa iko mgongoni. Ya mbele unayaona mwenyewe: shimo unalikwepa, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na taa unaipigia honi. Ila lori lililojaa makala (makaa ya kupikia) kutoka upande wa Sake linakuja nyuma yako, na dereva wake anajua kwamba upo kwa sababu ya kitu kimoja tu, ile taa ndogo nyekundu chini ya kiti. Kuanzia Ndosho kwenda Mugunga ardhi yenyewe ni nyeusi. Mawe ya volkano kandokando, kuta za mawe hayo hayo, vumbi la rangi hiyo hiyo. Umeme ukikatika mtaani, mtu mwenye koti jeusi juu ya pikipiki anamezwa na giza.

Ndiyo maana nilitoa ampule (balbu) ya kawaida nikaweka ya LED. Nimepita nayo mvua na kiangazi, na nasema wazi kwamba hakuna pesa niliyoweka kwenye pikipiki hii ikanifaa zaidi ya hiyo. Lakini si kila LED inayouzwa Birere inafaa, na nimeona wenzangu wengi wakinunua ile mbaya.

Ampule ya kawaida ya nyuma ina nyuzi mbili ndani. Mmoja ni wa wati 5, unawaka muda wote taa zikiwashwa. Wa pili ni wa wati 21, unawaka ukishika breki. Dereva wa nyuma anatakiwa aone ule mruko kutoka hafifu hadi kali, ajue unasimama. Shida ni kwamba uzi huo ni mwembamba, na barabara zetu mnazijua. Ukitikiswa kila siku kwenye mawe unakatika, na ukikatika wewe hujui, kwa kuwa hakuna anayeuona mgongo wake. Unaendelea kubeba mama na mtoto nyuma ukidhani taa inawaka. LED haina uzi wa kukatika, na kwangu mimi hiyo peke yake ingetosha kuinunua.

Muuzaji aliniwekea mbili mezani, nyeupe na nyekundu. Zote zina kitako kile kile chenye vinundu viwili visivyokaa usawa, kwa hiyo ampule inaingia kwa upande mmoja tu na hakuna waya wa kukata. Alipoziwasha pale dukani nyeupe iliumiza macho, nyekundu ikaonekana ya kawaida. Nilimwomba fundi tuzijaribu zote mbili giza likishaingia, kabla sijalipa.

«Mkubwa, rudi mpaka pale kwa wauza makala, halafu uniambie unaona nini.»

Nikarudi. Nyeupe, ilipofunikwa na kile kifuniko chekundu, iliishiwa nguvu. Rangi ikawa kama waridi lililopauka, na fundi alipokanyaga breki ilibidi nimwulize kwa sauti kama amekanyaga. Akabadilisha akaweka nyekundu. Hapo sikuuliza kitu. Breki ilipowaka, hata mama mmoja aliyekuwa anafunga meza yake aligeuka kutazama. Sababu yake inaeleweka: kifuniko chekundu kinapitisha mwanga mwekundu na kuzuia rangi nyingine, na LED nyeupe za bei ndogo zina bluu nyingi na wekundu kidogo. Sehemu kubwa ya ule ukali uliouona dukani inabaki ndani ya taa. Nyekundu inapita karibu yote.

Pia iangalie ampule yenyewe ilivyopangwa. Nzuri ina vidoa vya taa kichwani na ubavuni kote, maana sahani inayong'aa nyuma ya ampule inahitaji mwanga wa ubavuni ili iutawanye. Yenye vidoa kichwani tu inaonekana kali ukisimama nyuma yake sawasawa, lakini ukisogea hatua chache pembeni inafifia, na magari ya hapa hayakuji kwa mstari ulionyooka.

Kuna nyingine ambazo mwanga wake wa kawaida tayari ni mkali sana, ukishika breki unaongezeka kidogo tu. Vijana wanazipenda. Mimi nazikataa, na ninamkataza kila mtu ninayemjali. Dereva wa nyuma akiona mwanga mkali tangu Keshero, atajuaje kwamba sasa umesimama? Zile zinazomwekamweka haraka ukishika breki nazo sizitaki: zinamchoma macho anayekufuata kwenye foleni, na kwenye vumbi hawezi kupima uko umbali gani.

Faida nyingine watu hawaizungumzii. Uzi wa ampule ya kawaida lazima upate moto kwanza ndipo uwake vizuri, na hiyo inachukua karibu sehemu 2 za kumi za sekunde. LED inawaka papo hapo. Gari likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, katika muda huo linakuwa limesogea karibu mita 3. Mita 3 ni zaidi ya urefu wa pikipiki yangu.

Kuhusu umeme, ndiyo, inakula kidogo sana, ila kwa ampule moja sikuona tofauti kubwa kwenye batri. Usinunue kwa ajili hiyo.

Kasoro iko moja ya kweli. Chini ya taa ya nyuma kuna kidirisha cheupe kinachomulika namba ya pikipiki. Ukiweka LED nyekundu, kidirisha kile nacho kinatoa mwanga mwekundu, na namba haisomeki vizuri usiku. Fundi alinifungia taa ndogo nyeupe juu ya namba, akachukua umeme kwenye waya wa taa ile ile ya nyuma. Kazi fupi, na hakuna anayenisumbua barabarani kuhusu namba. Tulipofungua tulikuta pia mguso umeota kutu kwa ajili ya mvua, fundi akausugua na msasa. Mwambie naye wako afanye hivyo, la sivyo ampule mpya itawaka na kuzima.

Halafu chunguza pikipiki yako. Washa taa injini ikiwa inanguruma taratibu, kisha vuta gesi. Kama taa ya nyuma inafifia na kupanda kufuata injini, basi inaweza kuwa inachukua umeme moja kwa moja kwenye jenereta ya injini bila kupitia batri, na LED za kawaida zitacheza-cheza hapo. Muulize fundi kwanza.

Na kabla hujatoa hata faranga moja, mwombe mtu asimame nyuma ya pikipiki. Shika breki ya mkono peke yake, akuambie kama taa imewaka. Kisha kanyaga ya mguu peke yake. Pikipiki nyingi za hapa zinawasha taa kwa mguu tu, kwa sababu swichi ndogo iliyo kwenye mpini ilikufa zamani au waya wake ulichomolewa, na mwenye pikipiki kwenye mteremko anategemea mkono. Kama ndivyo ilivyo kwako, anza na swichi hiyo. Bei yake ni ndogo kuliko ya ampule, na fundi anaifunga ukiwa umesimama pale pale.