Wimbi au shimo: timu ya taifa ijiandae kwa lipi?

Katika mashindano ya dunia ya kayaki ya mtindo huru, mchezo wa kurusha na kuzungusha mtumbwi mdogo kwenye maji ya kasi mtoni, mchezaji hupewa sekunde 45 aonyeshe mbwembwe zake zote. Akirudia mbwembwe ile ile upande ule ule, haongezewi alama. Sheria ni moja. Kinachobadilika ni maji. Mwaka 2015 timu zilikutana Kanada, kwenye wimbi la mto Ottawa, mgongo wa maji unaoinuka na kubaki pale pale huku mto ukipita. Mwaka 2019 zikaenda Sort, Hispania, kwenye shimo, yaani pale maji yanapojikunja na kurudi nyuma.

Shimo hushikilia chombo. Ukikosea, mara nyingi maji hukurudisha katikati, nawe unaendelea kuunganisha lupu (kupinduka kwenda mbele pamoja na kayaki) na mizunguko ya wima. Wimbi halina huruma hiyo. Linadai kasi, kayaki yenye tumbo bapa linaloteleza, na subira ya kupanda juu kabla ya kurusha chombo hewani. Ukiponyoka, mto unakuchukua, na huenda sekunde zilizobaki zisitoshe kurudi.

Tena mawimbi mazuri ni adimu, na maji yakipanda au kushuka kidogo tu, umbo lote hubadilika. Ndiyo maana kwa timu changa yenye bajeti finyu ningechagua mazoezi ya shimo, hata kama mashindano yenyewe ni ya wimbi, mradi wapatikane wachezaji wawili watatu wa kutangulia mapema kulizoea. Kwa mtazamaji, lakini, wimbi ndilo tamu. Hapo sibishani na mtu.